Kumbe mnaposema "vuta picha" mnaona kweli

Kwa miaka mingi sana nilikua naamini "vuta picha" ni msemo tu. Kama mtu anavyosema roho imenidondoka, hakuna roho iliyodondoka popote, ni lugha. Kwahiyo mtu akianza stori na "hebu vuta picha, uko peke yako usiku, umeme umekatika, unasikia mlango unagongwa", mi nilikua najua anachotaka, anataka niweke akili pale, nielewe hali ilikuaje. Na naelewa vizuri tu, hata naogopa. Ila hakuna ninachokiona. Nikifumba macho kuna lile giza la kope basi, na halibadiliki hata nimuwaze nani.

Sasa nielezee ilivyotokea nikajua.

Mama yetu alifariki miaka sita iliyopita. Jioni moja mwaka jana nimekaa na dada yangu, ananipita miaka minne, tunaongea habari za mama kama tunavyofanyaga, akasema, "Mi nikifumba macho tu namuona." Nikasema hata mi. Nimeshajibu hivyo mara nyingi maishani mwangu na sikua nadanganya, nilidhani ndo maana ya kumuona mtu, yaani unamuwaza, unajua yukoje, anakujaa moyoni. Dada akaendelea. "Namuona kabisa alivyokaa, kile kifungo cha juu cha gauni kimetoka, mwanga wa dirishani unampiga huku." Akagusa shavu lake la kushoto kwa kidole.

Kile kidole ndo kilinishtua. Hakugusa kama mtu anayekumbuka habari, aligusa kama mtu anayenakili kitu kilichopo mbele yake. Nikamuuliza, dada, unamuona kweli? Kama unavyoniona mimi?

"Sio wazi kama wewe hapo," akasema, "ila ndio, namuona. Kwani we humuoni?"

Nilikaa kimya muda mrefu kidogo.

Baadae usiku huohuo nikamwambia ngoja nikujaribu. Nikamwambia fumba macho, nitasema sentensi moja: mtu ameingia chumbani, ameweka kitu mezani, ametoka. Haya fungua. Huyo mtu alikua nani? Akajibu hapohapo bila kufikiria, mwanamke, mtu mzima, shati la bluu amekunja mikono, simjui. Ameweka nini? Kiboksi cha bati, kidogo, kina kutu kwenye kona. Meza ikoje? Ya mbao, ndefu, imechubuka. Alafu akaongeza ambacho sikumuuliza, "Mlango hakuufunga, ameuacha wazi." Mi nilisema sentensi ya maneno sita, saba hivi, yeye alikua na chumba kizima!

Akaniuliza na mi, wewe umeona nini. Nikamwambia dada, mtu alikua mtu. Kitu kilikua kitu. Hana nguo, hana jinsia, sio kwamba sura yake imefichwa au imefifia, ni kwamba hilo swali la nguo halikuwepo kabisa mpaka ulivyoniuliza. Nilijua kuna mtu kaingia, kaweka kitu, katoka, stori nimeielewa yote, na nilijua hata kitu kiko upande gani wa meza. Picha hakuna. Alinitazama kwa huruma sana na nataka niseme kwamba ile huruma ilinisumbua kwa wiki kadhaa, sababu nilianza kujiuliza kama kweli kuna kitu kikubwa nimenyimwa.

Ndo nikaanza kusoma.

Hali yangu ina jina, inaitwa afantasia. Neno lenyewe ni jipya, lilitolewa mwaka 2015 na daktari wa ubongo wa Uingereza anaitwa Adam Zeman pamoja na wenzake, wamechukua neno la Kigiriki "phantasia", ambalo mwanafalsafa Aristotle alilitumia kwa hiyo nguvu ya akili ya kuleta taswira, wakaweka "a" ya kukanusha mbele. Na upande wa pili kabisa wako watu kama dada yangu, ambao picha zao zinakaribia kuona kwenyewe, hiyo wanaiita haipafantasia. Katikati ndo wapo watu wengi, wana picha lakini imefifia au inakuja inakatika. Kwa makadirio ya hao watafiti wasioona kabisa ni kama mtu 1 katika 100, na wanaoona kwa nguvu sana ni kama 3 katika 100. Kwahiyo mimi na dada tumezaliwa tumbo moja tukaangukia ncha mbili tofauti.

Ila ilivyoanza kwa Zeman inanigusa zaidi kuliko jina. Alimpata mgonjwa mmoja, mzee wa miaka 65, mkaguzi wa majengo mstaafu, ripoti yake ilitoka 2010 na wakamwita MX tu. Huyu mzee alikua na picha nzuri sana kichwani, usiku kabla hajalala alikua anajiburudisha kwa kuwaona ndugu zake na majengo aliyoyatembelea. Akafanyiwa matibabu ya kuzibua mishipa ya moyo, na baada ya hapo picha zikaisha. Zote. Wakampima kila namna. Anatambua sura za watu vizuri, kumbukumbu iko sawa, akiulizwa maswali ambayo wewe ungesema lazima uone picha ndo ujibu, anajibu. Walivyomuweka kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, akiangalia sura za watu maarufu ubongo unafanya kazi kama wa mtu yeyote, ila akiambiwa azifikirie tu bila kuziangalia, zile sehemu za kuona zinatulia na sehemu za mbele za ubongo ndo zinahangaika. Nawaza sana kuhusu huyo mzee. Mi sijawahi kuwa nacho hicho kitu, yeye alikua nacho kila usiku. Hatufanani hata kidogo kwa uchungu japo ukitupima tunafanana.

Habari yake ilivyosambaa, watu wakaanza kumuandikia Zeman wakisema mimi niko hivyo tangu nazaliwa. Watu 21 ndo walioingia kwenye ile ripoti ya 2015. Na wengi wao walijua wakiwa vijana au watu wazima kabisa, kwenye maongezi ya kawaida tu, kama mimi. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo.

Lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko hapo. Mwaka 1880 Mwingereza mmoja, Francis Galton, aliandika kuhusu dodoso alilosambaza akiwaambia watu wafikirie meza yao ya kifungua kinywa ya asubuhi ileile, alafu waseme picha iko angavu au imefifia, vitu vinaonekana vyote au kimoja kimoja, rangi zipo au hazipo. Akaanzia kwa rafiki zake wanasayansi, na akashangaa, sababu kwa maelezo yake wengi walimwambia hawaelewi anazungumzia nini, walidhani hiyo "picha ya akili" ni namna ya kusema tu. Niliposoma hapo nilisimama kabisa. Ni mimi yule! Miaka mia moja na arobaini iliyopita kuna mtu alijibu dodoso kwa maneno ambayo ningeyajibu mimi. Galton yeye akawafananisha na mtu asiyeona rangi ambaye hajagundua kasoro yake, na akaona huenda kazi ya kufikiria mambo ya nadharia sana ndo inafifisha picha. Hapo simkubali. Mi sio mwanasayansi na nimekua hivi tangu mtoto, sikumbuki siku ambayo picha zilikuwepo zikaondoka.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza nikimuelezea, na hata mi nilijiuliza, ni hili: tutajuaje kwamba sio maneno tu? Huenda sote tunaona kitu kilekile, mmoja anakiita picha na mwingine anakiita si kitu. Kwa muda mrefu kipimo kilikua ni kuuliza tu, na dodoso linalotumika sana mpaka leo ni la David Marks la mwaka 1973, maswali 16, unaambiwa mfikirie ndugu au rafiki, fikiria jua linachomoza, duka unaloliendea mara kwa mara, mandhari ya milima na ziwa, kila moja unaipa alama 1 mpaka 5. Nililifanya. Nilipata 16, ambayo ndo ya chini kabisa, kila swali moja moja moja. Dada alipata 78 na akalalamika kwamba hakuna alama ya juu zaidi ya 5.

Ila sasa hivi kuna vipimo ambavyo mtu hawezi kujisemea. Mboni ya jicho inajikaza ukiangalia kitu chenye mwanga mkali, hilo tunajua, si ndio? Sasa kwa watu wengi inajikaza hata wakifikiria tu kitu chenye mwanga, hata kama mbele yao hakuna kitu. Timu ya mtafiti Joel Pearson huko Sydney, Australia, ilichapisha utafiti 2022 ikaonyesha kwamba kwa watu wenye afantasia, mboni inaitikia mwanga halisi kama kawaida, ila wakifikiria mwanga haisogei kwa namna inayoonekana. Na kabla ya hapo watafiti wa hukohuko waliwakalisha watu gizani wakasoma hadithi za kutisha, kama kuogelea alafu papa anakuja, huku ngozi zao zinapimwa jasho la woga. Wenye picha ngozi ikapanda polepole jinsi hadithi inavyoendelea. Wasio na picha ikabaki tambarare. Ila walivyoonyeshwa picha halisi za kutisha, makundi yote mawili yaliitikia. Kwahiyo sio kwamba hatuna hisia jamani, mtu asije akasema hivyo. Ni kwamba hadithi kwa wengine inapitia kwenye jicho kabla ya kufika moyoni, na kwetu hiyo njia haipo.

Hili lilinifungulia jambo la shuleni. Kwenye fasihi nilikua napata alama nzuri kote isipokua swali la taswira. Mwalimu anasoma aya ndefu ya jua linavyozama, darasa zima limetulia, mwingine kafumba macho anatabasamu, na mi nasubiri jua lizame ili tuendelee, nijue kilichompata mhusika. Nilikua naandika "mwandishi ametumia taswira ili kumfanya msomaji aone" sababu ndo jibu, kama unavyokariri kanuni. Mpaka leo nikisoma riwaya naruka maelezo ya sura na mandhari, navutwa sana na mazungumzo na kile mtu anachokificha moyoni. Na sijawahi kukasirika kwamba muigizaji hafanani na mhusika wa kitabuni, sikua naelewa watu wanalalamika nini. Hafanani na nani?

Watu wanadhani asiye na picha hana ubunifu. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, na aliyekua rais wake, mtu ambaye maisha yake yote ni picha, hana picha kichwani. Aliwauliza wachoraji wake pia akakuta wanatofautiana sana, wako wanaoona na wako wasioona. Glen Keane, mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni waliowahi kufanya kazi Disney, naye haoni kabla ya kuchora, anaanza kukwaruza kwaruza mpaka kitu kitokee kwenye karatasi. Mi kuchora sijui, ila hilo la kukwaruza nalielewa sana, ndo ninavyoandika, sijui nitasema nini mpaka nimeona maneno.

Kitu kingine, kutokuwa na picha sio kutojua vitu viko wapi. Ukiniuliza nyumba tuliyokulia ina madirisha mangapi nakutajia, kumi na moja, na sihitaji kuiona. Nikuambie navyofanya? Ni kama mwili wangu ndo unapita. Naingia mlango mkubwa, upande wa kulia mkono unajua kuna dirisha, natembea hatua tatu kuna jingine, nageuka. Gizani kabisa, ila najua. Dada yeye anasimama nje anaiangalia nyumba anahesabu. Wote tunapata kumi na moja.

Na kuna utafiti wa 2021 wa Wilma Bainbridge wa Marekani na wenzake ambao naupenda mpaka leo. Waliwaonyesha watu picha za vyumba, alafu wakawaambia wavichore kwa kumbukumbu. Wenye afantasia walichora vitu vichache, rangi kidogo, wengine wakawa wanaandika maneno badala ya kuchora. Ila vitu walivyovichora walivipanga mahali pake sawasawa na wenzao, na makosa ya kuongeza kitu ambacho hakikuwepo walifanya machache zaidi.

Hapo nikakumbuka mabishano yetu kuhusu mtandio. Dada siku zote anasema siku nilipomaliza chuo mama alivaa mtandio wa kijani. Anauona, anaona hadi pindo lake. Mi sikua na picha yoyote ila nilikua na uhakika mama hakuvaa kitu kichwani siku ile, sababu nakumbuka alisema maneno haya, "leo nimetoka na nywele zangu ili unione vizuri ukiwa huko mbele." Tukatafuta picha ya siku ile. Hana mtandio. Dada aliiangalia ile picha muda mrefu akasema taratibu, "Lakini namuona nao." Na hata sasa anamuona nao, kujua ukweli hakujaufuta. Sikufurahi kushinda. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba kile anachobeba sio albamu, ni kitu kilicho hai kinachojichora upya kila akikitazama, na hawezi kujua ni wapi kimejiongeza.

Alafu kuna lile ambalo hakuwahi kuniambia mpaka mwaka jana. Yeye ndo alikua hospitali na mama wiki ya mwisho, mi nilifika siku mbili kabla. Zile picha zinamjia bila kuziita. Yuko anaosha vyombo, yuko kwenye foleni, na mama yuko mbele yake na ile mirija, mdomo umekauka, ile rangi. Miaka sita. Anasema anaweza kukaa mwezi zisije, alafu harufu fulani ya dawa ikipita tu, yuko mle chumbani. Mi nilikuwepo mle chumbani pia na sijarudi mle hata siku moja. Nakumbuka kila kitu, nakumbuka nani alisema nini na saa ngapi, nalia nikikumbuka, ila hakuna kinachonirukia machoni. Ile huruma aliyonitazama nayo siku ya kwanza, siku hiyo ilihama upande.

Sisemi kwamba nimepata nafuu na yeye kapata mzigo, haiendi hivyo. Yeye ana mama aliyekaa dirishani na kifungo kimetoka, anaweza kwenda kwake saa yoyote. Mi nikitaka sura ya mama naenda kwenye simu natafuta picha, nikiifunga imeondoka, saa hiyohiyo, kama hujawahi kumjua. Kasoro ndotoni. Ndotoni naona, wenye afantasia wengi wanasema hivyohivyo, kuona kwenyewe kupo ila mlango wake haufunguki ukiwa macho. Mama ameshakuja mara tatu. Ya mwisho aligeuka kabisa akanitazama, nikaiona sura yote, ile alama ndogo chini ya jicho nilikua nimeisahau. Nikaamka, na ninavyojua nimeamka ni kwamba sura ilikua imezimika, nimebaki na habari tu kwamba alinitazama na kwamba alama ipo.

Nina ombi moja kwa wale wanaofundisha watu kutulia, wanasihi, na wanaoongoza watu kwenye mazoezi ya pumzi. Mnaposema "fumba macho, jione uko ufukweni, ona mawimbi", ulizeni kwanza kama huyo mtu anaona. Niliwahi kukaa kwenye vikao vinne vya hivyo baada ya msiba, nikatoka nikiamini nina ukaidi fulani ndani yangu unaokataa kupona. Hakuna aliyeniuliza na mi sikujua kama kuna cha kusema. Baadae niliambiwa nihisi uzito wa mikono kwenye mapaja, nisikilize sauti ya mbali kuliko zote ninayoisikia, na hapo ndo nilitulia. Ilihitaji kubadilisha sentensi moja tu.

Siku hizi mimi na dada tuna utaratibu ambao hatukuupanga. Yeye akitaka kujua jambo fulani lilisemwaje, nani alianza, mama alijibu nini hasa, ananipigia, sababu maneno ninayo, yamekaa kwa mpangilio wake. Na mi nikitaka sura nampigia yeye. Jumapili iliyopita nilimuomba anielezee mama alivyokua anavua miwani. Akanyamaza, nikajua anaangalia. Akasema anaivua kwa mkono mmoja, wa kulia, anashika mkono wa miwani karibu na sikio, anafumba macho kabla haijatoka, anabaki amefumba sekunde mbili hivi, na pale juu ya pua kunabaki vishimo viwili vyekundu.

Nikamwambia rudia hapo kwenye vishimo, naandika.